Dume Anayebaki Zizini

Mfanyabiashara anayenunua ng'ombe kwenye mnada wa Kirumi, karibu na daraja la Mto Mara, hutazama kifua, mgongo na mapaja. Dume wa miaka mitatu aliyejaa vizuri hununuliwa mapema na kupakiwa. Mwenzake wa zizi hilo hilo na umri huo huo, aliyedumaa, hurudishwa nyumbani kwa kukosa bei. Huko nyumbani ndiye atakayepanda mitamba.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye tatizo la ng'ombe wetu wa Musoma, Bunda na Butiama. Tumezoea kusema kwamba ng'ombe wa asili ni mdogo na basi. Ni kweli kwamba zebu wa pembe fupi si mkubwa: jike aliyekomaa huwa na kilo 200 hadi 300 hivi. Lakini ndani ya zizi moja uzito hutofautiana sana, na sehemu ya tofauti hiyo hurithiwa. Tafiti nyingi za ng'ombe wa nyama huweka sehemu hiyo kati ya asilimia 20 na 40. Inayobaki ni malisho, maziwa ya mama, minyoo, kupe na msimu aliozaliwa ndama.

Hiyo inayorithiwa imeandikwa kwenye kromosomu 60, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Mwaka 2009 wanasayansi walichapisha ramani ya vinasaba vya ng'ombe, wakikadiria jeni zipatazo 22,000. Jeni inayosifiwa kuliko zote kwa unene ni ya miostatini, ambayo kazi yake ni kama breki ya misuli. Kwa ng'ombe wa Belgian Blue herufi 11 za jeni hiyo zimekosekana, breki haishiki, na misuli hufura kupita kiasi. Ndama wao wengi huzaliwa kwa upasuaji. Sijui nani atakuja kumpasua ng'ombe Kiabakari saa nane usiku.

Kwa kawaida ukubwa haukai kwenye jeni moja. Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi wa ng'ombe 58,265 kutoka makundi 17, ambao ulipata sehemu 163 za vinasaba zinazohusiana na kimo. Zote kwa pamoja zilieleza tofauti za kimo kwa asilimia 13.8 tu, tena kwa kiwango cha juu. Kwa hiyo atakayekuuzia mbegu yenye "jeni ya ukubwa" mwulize maswali mengi.

Historia ya zebu wetu yenyewe ni kazi ya madume. Vinasaba vinavyorithiwa kwa mama peke yake vinaonyesha kwamba mabibi zao walikuwa ng'ombe wa Afrika wasio na nundu. Nundu ililetwa na damu ya Asia, hasa kwa njia ya madume. Utafiti wa mwaka 2020 uliosoma vinasaba vya ng'ombe 172 wa Afrika ulikadiria kwamba mchanganyiko mkubwa ulitokea takribani miaka elfu moja iliyopita.

Kwa nini basi tusilete damu ya Ulaya tukamaliza? Jibu limo magharibi mwa Kenya, upande wa pili wa mpaka wetu. Huko ndama 548 walifuatiliwa katika mwaka wao wa kwanza, na waliokuwa na damu zaidi ya Ulaya waliugua mara nyingi zaidi. Ndama mgonjwa hakui, hata baba yake awe mkubwa namna gani. Ustahimilivu nao una vinasaba vyake: mwaka 2022 watafiti waliofuatilia ukoo mmoja wa ng'ombe wa Boran walihusisha tofauti katika jeni iitwayo FAF1B na uwezo wa kuhimili ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Mwenye josho la uhakika na malisho ya kiangazi anaweza kuita mhimilishaji na kupata chotara wazuri. Asiye na hivyo aanze na alichonacho.

Na kuanza ni kuchagua dume kabla mnada haujakuchagulia. Linganisha ndama waliozaliwa msimu mmoja, kwa sababu wa masika na wa kiangazi hawakupewa nafasi sawa. Wapime kwa utepe wa kifua wakiachishwa kunyonya na wakifikisha mwaka. Ukipima wakati wa kunyonya tu, huenda unapima maziwa ya mama kuliko mwili wa mtoto. Tena mama aliyezaa mara ya kwanza huwa na maziwa machache, usimhukumu ndama wake haraka. Dume akishaanza kuzaa, mbadilishane na jirani wa mbali kabla binti zake hawajafikia kupandwa. Kwenye malisho ya pamoja makubaliano lazima yawe ya kijiji, maana dume aliyedumaa wa boma moja hupanda mitamba ya maboma yote.

Madume wengine wahasiwe mapema. Maksai wa wastani anatosha kabisa kuvuta jembe kwenye shamba la pamba Bunda.