Kupata Intaneti Mahali Pasipofikiwa na Umeme wa Gridi: Mwongozo kwa Mtumiaji wa Kijijini

Katika vijiji vingi vya Chamwino, Bahi, Chemba na Mpwapwa, kaya hujenga mbali na kitovu cha kijiji, karibu na mashamba ya mtama, uwele na alizeti, au karibu na malisho ya mifugo. Nguzo za umeme zinaweza kuwa zimefika shuleni na kwenye zahanati, ilhali nyumba iliyo kilomita tatu kutoka hapo ikaendelea kutegemea taa ya sola. Mahitaji ya nyumba hiyo, hata hivyo, hayasubiri nguzo. Kijana aliyehitimu kidato cha sita anatakiwa kuwasilisha maombi ya mkopo wa elimu ya juu kwa njia ya mtandao kabla ya dirisha kufungwa. Mkulima anataka kujua bei ya mahindi katika soko la Kibaigwa kabla ya kukodi gari. Muuguzi aliyepangiwa kituo kipya anataka kujiendeleza kimasomo bila kuacha kazi.

Nyanda za kati zina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa hiyo mavuno makuu ni ya mara moja kwa mwaka. Mtumiaji akinunua kifaa kisichofaa, fedha aliyoitumia huenda isipatikane tena hadi mavuno yajayo. Makala haya yanaeleza hatua za kufuata, kwa mpangilio wake, ili fedha hiyo isipotee.

Upime mtandao kabla ya kununua kifaa

Kosa la kwanza la watumiaji wengi ni kuanzia dukani. Anza nyumbani kwako, ukiwa na simu uliyonayo. Azima laini za majirani wanaotumia mitandao tofauti, au waombe waje na simu zao, kisha linganisheni mtandao upi unafika vizuri mahali hapo. Usitegemee sifa za mtandao ulizozisikia mjini, kwa sababu mtandao ulio imara Dodoma mjini unaweza kuwa dhaifu kijijini kwako, na ule usiopendwa mjini ukawa ndio wenye mnara nyuma ya kilima chenu.

Pima mara tatu: asubuhi, mchana, na saa mbili usiku. Usiku watu wengi hutumia mnara mmoja kwa wakati mmoja, nayo kasi hupungua. Vijiti vinavyoonekana juu ya kioo cha simu huonesha nguvu ya mawimbi tu. Havioneshi wingi wa watu wanaoutumia mnara huo. Ndiyo maana simu inaweza kuwa na vijiti vyote na ukurasa usifunguke.

Angalia pia alama iliyo pembeni ya vijiti. Alama ya 4G huashiria kizazi cha nne, kinachotosha kwa masomo ya video. Kwa 3G mtumiaji anaweza kujaza fomu, kupakia vyeti na kutuma barua pepe. Pale penye 2G pekee, tegemea simu ya sauti, ujumbe mfupi na huduma za fedha, na panga kazi ya mtandao ifanyike mahali pengine.

Mawimbi husafiri kwa namna tofauti kulingana na masafa. Masafa ya chini, kama megahezi 700, 800 na 900, hufika mbali zaidi na huzunguka vizuizi vizuri zaidi kuliko masafa ya 1800 au 2100. Hata hivyo hakuna masafa yanayopenya kilima cha mwamba. Kwa hiyo tembea kuzunguka boma lako. Hatua ishirini kutoka nyuma ya nyumba hadi mbele, au kupanda juu ya kichuguu, huweza kubadilisha matokeo kabisa. Weka alama pale palipo bora, kwani hapo ndipo antena itakaposimama.

Ukigundua kuwa mtandao unaofika vizuri si ule wa namba yako, huna haja ya kuiacha namba hiyo. Tangu tarehe 1 Machi 2017 mtumiaji nchini Tanzania anaruhusiwa kuhama mtandao akiwa na namba yake ileile. Nenda kwa wakala wa mtandao unaouhamia ili ukamilishe taratibu. Kabla ya kuhama, lipa madeni, tumia salio lililobaki, na toa fedha zilizo kwenye akaunti yako ya simu.

Inua antena

Ikiwa mawimbi yapo lakini ni hafifu ndani ya nyumba, tiba ya kwanza ni kimo. Ruta iliyofungwa ndani ya nyumba yenye bati hupokea mawimbi yaliyokwisha kupungua, kwa kuwa bati huyazuia. Chagua ruta yenye matundu ya kuunganisha antena ya nje, kisha simamisha antena hiyo juu ya mlingoti, ikielekezwa kwenye mnara. Tumia waya mfupi kadiri iwezekanavyo, kwa kuwa waya mrefu hupoteza nguvu ile uliyoipata kwa kupanda juu.

Wakati wa radi, chomoa waya wa antena na waya wa umeme kwenye ruta. Mlingoti wa chuma uunganishwe na ardhi kwa waya maalumu, na usisimamishwe mahali ambapo ukianguka utaangukia nyumba au njia ya watoto.

Mtumiaji atakutana na wauzaji wa vifaa vinavyodaiwa kukuza mawimbi kwa eneo zima. Vifaa hivyo hupokea mawimbi ya mtandao na kuyarusha upya, na visipodhibitiwa huvuruga mnara na kuwaharibia majirani huduma. Usinunue wala kutumia kifaa cha namna hiyo kisichoidhinishwa na Mamlaka. Antena inayopokea na kutuma mawimbi ya ruta yako peke yake haina tatizo hilo.

Setilaiti: lini inafaa?

Pale ambapo hakuna mnara wowote unaofika, setilaiti hubaki kuwa njia ya mwisho. Zipo za aina mbili. Za kwanza huzunguka kwenye kimo cha takribani kilomita 36,000 juu ya Ikweta. Kwa sababu ya umbali huo, ujumbe huchukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, na mazungumzo ya video huwa na ucheleweshaji unaosumbua. Za pili huzunguka chini zaidi, kwenye kimo cha mamia ya kilomita, na ucheleweshaji wake ni mdogo mno.

Kabla ya kulipa, mwombe mtoa huduma athibitishe kuwa ana leseni ya kutoa huduma hiyo Tanzania Bara au Zanzibar, na kwamba kifaa chenyewe kimeidhinishwa. Leseni iliyotolewa Kenya au Rwanda haimruhusu mtoa huduma kufanya kazi hapa. Dishi lililonunuliwa nchi jirani na kuvushwa mpakani linaweza kuzimwa na kampuni yenyewe siku yoyote, na mnunuzi asiwe na pa kudai. Uliza pia gharama ya kila mwezi, si bei ya dishi peke yake.

Piga hesabu ya umeme

Mtumiaji asiye na gridi hununua intaneti mara mbili: kwa kifurushi na kwa jua. Hesabu yake si ngumu. Zidisha wati za kila kifaa kwa saa kitakazotumika kwa siku, kisha jumlisha.

Tuchukue mfano wa kaya moja. Ruta yenye wati 10 ikitumika saa 6 hutumia wati-saa 60. Simu mbili zikichajiwa kikamilifu hutumia takribani wati-saa 40, pamoja na upotevu wa kuchaji. Taa tatu za wati 5 zikiwaka saa 4 hutumia wati-saa 60. Jumla ni wati-saa 160 kwa siku.

Paneli hupata saa zipatazo 5 za jua kali kwa siku katika eneo hili, na takribani asilimia 30 ya nguvu yake hupotea kwa joto, vumbi na nyaya. Kwa hiyo kila wati moja ya paneli hutoa wati-saa 3.5 kwa siku. Gawanya 160 kwa 3.5, utapata wati 46. Nunua paneli ya wati 80, ili siku za mawingu za Januari na Februari zisikukwamishe.

Betri ya volti 12 na ampia-saa 50 hubeba wati-saa 600. Ikiwa ni ya asidi, usitumie zaidi ya nusu yake, kwani ikimalizwa mara kwa mara hufa mapema. Nusu hiyo, wati-saa 300, inatosha kaya yetu karibu siku mbili bila jua.

Sasa linganisha na dishi la setilaiti linalotumia wati 60. Kwa saa 6 zilezile, dishi peke yake litataka wati-saa 360, yaani zaidi ya mara mbili ya matumizi yote ya kaya hiyo, na paneli ya ziada isiyopungua wati 103. Wengi hulinganisha bei za vifaa dukani na kusahau tofauti hii.

Ruta nyingi hutumia volti 12. Ziunganishe moja kwa moja na mfumo wa betri kupitia kifaa cha kurekebisha volti, badala ya kupitia inveta, kwa sababu inveta hula umeme hata ikiwa haifanyi kazi kubwa. Dodoma iko takribani nyuzi 6 kusini mwa Ikweta; elekeza paneli kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, na wakati wa kiangazi ifute vumbi kila wiki kwa kitambaa laini chenye maji, asubuhi kabla haijapata joto.

Laini, kifurushi na haki zako

Laini ya ruta husajiliwa kwa alama za vidole kama laini ya simu. Usikubali ruta yenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Piga *106# ili kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukinunua simu iliyokwisha kutumika, piga *#06# upate namba yake ya utambulisho, kisha itume kwenda 15090 ili kujua kama ni halisi. Simu bandia zilifungiwa nchini Juni 2016, na aliyenunua simu ya namna hiyo ndiye aliyepata hasara.

Saa moja ya video ya ubora wa kawaida hutumia takribani robo tatu ya gigabaiti, ilhali fomu ya maombi pamoja na vyeti vyake haizidi megabaiti chache. Zima usasishaji wa programu unaojiendesha wenyewe, kwani huo humaliza kifurushi mwenyewe akiwa shambani.

Mtoa huduma anawajibika kukuarifu matumizi ya kifurushi chako yanapofikia asilimia 75, na tena yanapofikia asilimia 100. Usipopata taarifa hizo, una haki ya kulalamika.

Kwa mgeni kutoka nje ya nchi

Watafiti, wamisionari, wanaojitolea na Watanzania wanaorejea kutoka ughaibuni huja na simu zao. Hakikisha kuwa simu haijafungiwa kwenye mtandao wa nchi ulikotoka, na kwamba inapokea masafa yanayotumika hapa. Raia wa kigeni husajili laini kwa pasipoti yake halisi. Asisajiliwe na mwenyeji wake kwa kitambulisho cha mwenyeji, kwani mwenye jina ndiye atakayewajibika kwa lolote litakalofanywa na laini hiyo.

Mtandao usipofika kabisa

Wasilisha malalamiko kwanza kwa mtoa huduma, na utunze namba ya kumbukumbu utakayopewa. Usiporidhika, yalete kwa Mamlaka. Wakazi wa Dodoma na mikoa jirani wanaweza kufika Ofisi ya Kanda ya Kati. Kwa kijiji kisicho na mnara, ombi la kijiji kizima lina uzito kuliko la mtu mmoja. Lijadiliwe katika mkutano wa kijiji, liandikwe kupitia ofisi ya kata na halmashauri, na lifikishwe kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kufikisha huduma pale ambapo biashara peke yake haifiki. Mei 2023, mjini Dodoma, Mfuko huo ulitia saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Ombi litaje idadi ya kaya, shule na zahanati zilizopo, na umbali hadi mnara wa karibu.

Turudi kwa kijana wa kidato cha sita. Ikiwa dirisha la maombi linafungwa wiki ijayo, familia isiuze mbuzi kwa ajili ya dishi. Apande mahali palipowekwa alama, na simu yake iliyochajiwa kwa sola, ajaze fomu alfajiri wakati mnara hauna watu wengi, na ahifadhi nakala ya uthibitisho. Ruta, antena na paneli vinaweza kusubiri mavuno, baada ya hesabu kufanyika.