Meseji imetumwa, mbona haijafika?

Wasikilizaji waliojiandikisha kupokea taarifa za hali ya hewa kwa simu hutuuliza mara kwa mara: jirani yangu kapata meseji, mimi sijapata, kulikoni? Swali hilo si dogo. Tahadhari ya mvua kubwa ikichelewa, mahindi yaliyoanikwa uani hulowa.

Meseji haitoki kwetu ikaingia moja kwa moja kwenye simu yako. Kwanza hupokelewa na kituo cha meseji cha kampuni ya simu. Ikiwa simu yako imezimwa au haina mtandao, kituo hicho huihifadhi meseji na kujaribu tena baadaye. Muda uliowekwa ukiisha kabla hujapatikana, meseji hufutwa. Kwa hiyo "imetumwa" si sawa na "imefika".

Kompyuta inayotuma meseji huandika kila hatua katika faili la kumbukumbu: namba, tarehe, saa na jibu lililotoka kwa kampuni ya simu. Fundi hutafuta mstari wenye namba yako na kusoma jibu lake.

Imefika: simu iliipokea. Tazama kwenye meseji zilizozuiwa au taka.

Muda umekwisha: simu ilizimwa au ilikosa mtandao kwa muda mrefu.

Namba si sahihi: huenda tarakimu imepungua au kuzidi. Kwa namba ya Tanzania, baada ya 255 hufuata tarakimu 9, bila ile sifuri ya mwanzo.

Imekataliwa: huenda laini yako imezuia meseji za matangazo, au salio la mtumaji limekwisha.

Hakuna mstari wowote: meseji haikutumwa kwako kabisa. Hapo usihangaike na simu yako. Tatizo liko upande wa mtumaji.

Ukitaka tukusaidie, tuambie namba yako, mtandao unaotumia, siku, na saa ambayo jirani alipata yake. Ukisema tu "juzi sikupata", fundi atapekua maelfu ya mistari. Lakini namba ya siri ya simu au ya pesa haihitajiki hata kidogo katika kazi hii. Anayekuomba namba hiyo ni tapeli, hata akijitambulisha kuwa ni mtu wa redio.

Jambo la mwisho: ukibadilisha laini, tujulishe mapema. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine. Hapo kumbukumbu zitasema "imefika", nazo zitakuwa zinasema kweli, ila aliyeonywa kuhusu mvua atakuwa mtu mwingine, na mahindi yako yatakuwa bado uani.