Kaggia na mrengo wa kushoto Mlima Kenya: kweli au si kweli?

Chama kipya cha upinzani kikipiga hodi Mlima Kenya, hawakosekani wa kumshauri kiongozi wake anyamazie habari za usawa asije akakosa kura. Mfano wao ni Bildad Kaggia wa Kandara, mmoja wa waliohukumiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, aliyekuwa naibu wa Jaramogi Oginga Odinga katika chama cha upinzani cha KPU (Kenya People's Union) mwaka 1966.

"Alitaka kuwanyang'anya wakulima mashamba." Si kweli. Alidai mashamba ya walowezi wapewe bure wasio na ardhi, hasa waliopigania uhuru, badala ya kuuziwa kwa mkopo. Msimamo huo ulimponza serikalini mwaka 1964. Lakini mkulima wa Nyeri au Murang'a aliyekwisha kupata hatimiliki na kupanda kahawa alitiwa hofu kwamba shamba lake nalo litakwenda. Naamini hapo ndipo KPU ilipolemewa. Mkulima huyo alistahili kujibiwa mapema na waziwazi: chako ni chako, tunachogawa ni cha mlowezi.

"Asiyejitajirisha hawezi kuongoza." Dai hili bado linaishi, nalo linaniudhi. Aprili 1965, Rais Kenyatta alimuuliza Kaggia hadharani, kwao Kandara, amejifanyia nini ilhali wenzake wa gerezani wamejipatia mali. Mtu aliyekataa kujinufaisha akaaibishwa mbele ya maskini aliowatetea!

"Wapiga kura waliikataa KPU." Nusu kweli. Kaggia alishindwa Kandara, na chama chake kilipata viti 9 kati ya 29 katika uchaguzi mdogo wa Juni 1966. Hata hivyo, ukijumlisha kura zote, KPU iliipita KANU, chama tawala. Tena sheria ilikuwa imebadilishwa haraka ili wabunge waliohama chama warudi kwa wapiga kura, na vibali vya mikutano vikawa adimu. Kaggia alifungwa mwaka 1968 kwa mkutano uliodaiwa kuwa haramu. Mwaka uliofuata alirejea KANU, na KPU ikapigwa marufuku Oktoba.

Kwa hiyo, msomaji, kiongozi mpya akija kuomba kura yako, usimuulize kama ni wa kushoto. Muulize kibarua asiye na shamba atapata nini, mwenye ekari moja ya kahawa atalindwa vipi, na gharama atailipa nani. Akikwepa swali moja kati ya hayo, usimpe kura.