Uhai uliomo kisikini

Mkulima wa Mandewa anaposafisha shamba akisubiri mvua za Novemba, kinachomchosha zaidi ni visiki. Mwaka jana alivikata, mwaka huu vimechipua tena. Akipanda alizeti, machipukizi yanatangulia kuota. Akishavuna, yamefika magotini, na mbuzi wakifunguliwa mashambani wanaanza na hayo. Wengi wetu tumezoea kuyahesabu kuwa magugu sugu, kumbe usugu huo ni habari njema: ardhi tunayoiona tupu ina msitu mzima chini yake, na unachosubiri ni mtu aache kuukata.

Mandewa ni kata ya Manispaa ya Singida, na wageni wengi wanaijua kwa sababu ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Ipo kwenye nyanda za juu za kati, nchi ya majabali ya matale na udongo wa kichanga, ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, kwa kawaida kati ya milimita 500 na 800. Kisha unakuja ukame wa nusu mwaka na upepo usiopumzika. Mti wa hapa hauwezi kuishi kwa kanuni za mti wa Bukoba au Rungwe.

Chukua mninga, mti ambao sote tunaujua kwa milango na vitanda. Mbegu yake ikiota porini, mche hutoa majani machache wakati wa mvua, halafu kiangazi kikifika shina lote hukauka. Anayepita atasema umekufa. Msimu unaofuata unachipua tena, na kiangazi unakauka tena. Mtaalamu S. B. Boaler, aliyeuchunguza mninga hapa Tanzania na kuchapisha kazi yake mwaka 1966, aliieleza tabia hii, na waliomfuata wameithibitisha: mche unaweza kuendelea hivyo kwa miaka kumi au zaidi. Muda wote huo mzizi unanenepa na kujaza wanga. Akiba ikitosha, mche hutoa shina moja lenye nguvu, likarefuka haraka kiasi kwamba moto wa nyasi na midomo ya mifugo havilipati kirahisi.

Hapo ndipo ninapoona funzo la kwanza, na nalipenda kwa sababu halikubuniwa na mtu. Kazi ya mninga inafanyika mahali pasipoonekana, kwa miaka mingi, bila kitu cha kujivunia juu ya ardhi. Mzazi anayelea mtoto mzito wa kujifunza, au mtu anayeomba mwaka hadi mwaka bila kuona jibu, ana haki ya kuutazama mche ule mkavu na kupata nguvu.

Kisiki nacho kina siri yake. Mti unapokuwa mzima, ncha za matawi hutengeneza homoni iitwayo auksini, inayoshuka kwenye shina na kuyazuia macho yaliyolala chini yasichipue. Ukikata shina, zuio hilo linaondoka. Macho yanaamka, na mizizi inayalisha kwa akiba iliyokusanywa miaka mingi. Ndiyo maana chipukizi la kisiki hukua kwa kasi ambayo mche wa kitalu hauwezi kuifikia: mche huo umekuja na mizizi ya kiganja kimoja, chipukizi lina mizizi ya mti mzima.

Jambo hili lilimfungua macho Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa mmisionari Maradi, nchini Niger. Miche mingi aliyokuwa akiipanda ilikuwa imekufa. Siku moja mwaka 1983 alisimamisha gari apunguze upepo wa matairi ili aweze kupita mchangani. Anasimulia kwamba alikuwa akiomba Mungu amwonyeshe njia. Akatazama kichaka kilichokuwa karibu, akatambua majani yake: kilikuwa mti uliokatwa, ukijaribu kurudi. Wakulima wa Niger walipoanza kuyatunza machipukizi badala ya kuyafyeka, miti ilirudi kwenye eneo linalokadiriwa kufikia hekta milioni tano ndani ya miongo miwili.

Kwa jirani zetu wa Dodoma, shirika la LEAD Foundation limeeneza njia hiyohiyo kwa jina la Kisiki Hai. Nayo haihitaji kitalu wala maji ya kumwagilia. Unachagua mashina machache yenye afya kwenye kisiki, unaondoa mengine kwa panga kali, unapogolea matawi ya chini, kisha unafunga kitambaa chenye rangi ili mpita njia na mchungaji wajue kwamba mti huu una mwenyewe. Baada ya hapo ni kulinda.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba Ayubu, katika sura ya 14, anauonea mti wivu: ukikatwa bado una tumaini, kwa sababu maji yakiifikia mizizi yake utachipua, ilhali mwanadamu akifa harudi. Mtu yule alikijua kisiki vizuri.

Lakini lazima tuwe waangalifu. Siku hizi miti inasifiwa kwa mambo ambayo haijathibitika kuyafanya. Mwaka 1997 mtafiti Suzanne Simard wa Kanada alionyesha kwamba kaboni inaweza kuhama kutoka mti mmoja hadi mwingine msituni, na kuvu walioungana na mizizi wakatajwa kuwa njia yake. Kutokana na hapo zikazuka simulizi za miti mama inayonyonyesha watoto wake. Mwaka 2023 wataalamu watatu, wakiongozwa na Justine Karst, walipitia ushahidi wa porini na kusema hautoshi kubeba simulizi hizo.

Mfano wa karibu zaidi upo Tarangire. Mtafiti Fulco Ludwig na wenzake waligundua kwamba mgunga wenye umbo la mwavuli huvuta maji kutoka kina kirefu, na usiku majani yanapofunga vitundu vyake, sehemu ya maji hayo huvuja kupitia mizizi ya juu na kulowesha udongo mkavu. Ni rahisi kuhubiri kwamba mti unazinywesha nyasi jirani. Watafiti hao hawakuishia hapo. Walichimba mitaro kuzuia mizizi ya mgunga isifike kwenye nyasi, na nyasi zikastawi zaidi. Mti ulikuwa ukichukua maji mengi kuliko ulivyotoa. Kwa maoni yangu, ukweli huu ni wa thamani kuliko ngano. Mgunga bado unatoa kivuli na kurutubisha udongo kwa majani yake, huku ukitafuta riziki yake. Mkulima anayejua hivyo atapogolea na kuacha nafasi kati ya miti yake na mtama. Atakayehubiriwa kwamba mti ni malaika atavuna kidogo, kisha atachukua shoka.

Ndani ya mkoa wetu wenyewe kuna somo jingine, la namna watu wanavyoweza kujizuia. Msitu wa Mgori, wenye hekta zipatazo 40,000, uko upande wa kaskazini mashariki wa mji wa Singida. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake. Baada ya majadiliano, mwaka 1995 vijiji vitano vinavyopakana nao vilikabidhiwa kuusimamia, kila kimoja na eneo lake, sheria zake ndogo na walinzi wake waliotoka kijijini. Hayo yalitangulia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, iliyoupa utaratibu huo nguvu nchi nzima. Wanasingida walikuwa miongoni mwa walimu wa taifa katika jambo hili, nasi tunalisema mara chache mno.

Kupanda nako kuna nafasi yake. Mtume Muhammad alifundisha kwamba mtu akipanda mti, kikaliwa chochote kutoka humo na mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Ila Siku ya Taifa ya Kupanda Miti huja wakati kwetu Singida mvua zinaelekea ukingoni. Mche uliopandwa siku hiyo unaukabili ukame kabla mizizi haijashika. Shule, misikiti na makanisa ya Mandewa yapande Desemba au Januari, na kila mche upewe jina la mtu atakayeuzungushia miiba dhidi ya mbuzi.

Na wewe mwenye shamba, kabla ya kufyeka mwaka huu, zunguka kwanza ukiwa na vitambaa mkononi. Chagua visiki unavyoweza kuvilinda, uache mashina mawili au matatu kwa kila kimoja, na umwambie anayechunga mifugo ya jirani kwamba hiyo ni miti.