Fahamu: Je, watengeneza maudhui wapeleke bidhaa zao madukani?

Januari 2022, wanayutubu Logan Paul na KSI walizindua kinywaji cha Prime. Desemba mwaka huohuo kilipofika kwenye maduka ya Aldi nchini Uingereza, watu walipanga foleni tangu alfajiri, na maduka hayo yakaweka kikomo cha chupa kwa kila mteja.

Faida iko wapi?
Dukani bidhaa humfikia hata mzazi asiyejua chaneli yoyote. Pia mnunuzi halipii usafirishaji wa kifurushi kimojakimoja. Mwanayutubu MrBeast anauza chokoleti zake za Feastables katika maduka ya Walmart. Kwa mujibu wa nyaraka zilizoripotiwa na Bloomberg, mwaka 2024 chokoleti ziliingiza takriban dola milioni 250 na kuleta faida, huku upande wake wa video ukipata hasara.

Hatari ni zipi?
Duka hununua kwa bei ya jumla, na mara nyingi hulipa baada ya wiki kadhaa. Mtengenezaji hutangulia kugharamia mzigo, na usipotoka, rafu hupewa mwingine. Umaarufu nao hupoa: mwaka 2024 mauzo ya Prime Uingereza yaliporomoka kwa takriban asilimia 70.

Nani aende dukani?
Mwenye bidhaa inayoisha na kununuliwa tena, kama vile chakula au vipodozi, ana sababu ya kujaribu. Fulana yenye jina la chaneli ni ya mashabiki. Iuzwe mtandaoni, ichapwe kwa oda, isije ikalala stoo.