BINGWA WA DUNIA AKIWA NA MIAKA 56

Ndugu msomaji, je, umepata kusikia juu ya mchezo wa kuviringisha tufe? Mchezo huu huchezwa kwenye uwanja tambarare wenye nyasi fupi. Kwanza kijipira cheupe huviringishwa mbele. Kisha wachezaji huviringisha matufe yao kukifuata. Mwenye tufe lililo karibu zaidi na kijipira hicho hupata pointi.

Labda unadhani ni kazi rahisi. Sivyo. Pande mbili za tufe hazikuchongwa sawa. Kwa hiyo tufe haliendi moja kwa moja, bali hupinda. Ukitumia nguvu nyingi, linapita. Ukitumia nguvu kidogo, halifiki. Mchezaji lazima apime vizuri.

Mtu mmoja aliyejua sana kupima ni David Bryant wa Uingereza. Alizaliwa mwaka 1931 katika Clevedon, mji mdogo ulio kando ya bahari. Kazi yake ilikuwa ualimu. Watu walimtambua upesi uwanjani, kwa kuwa alichuchumaa kabla ya kurusha, na kiko kilikuwa mdomoni.

Mwaka 1962 alikwenda Perth, Australia, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Akapata medali ya dhahabu. Mwaka 1966 Michezo hiyo ilifanyika Kingston, Jamaika, lakini mchezo wa tufe haukuwamo. Bryant hakukata tamaa. Mwaka huo huo alirudi Australia, akawa bingwa wa kwanza wa dunia. Halafu akapata tena dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1970, 1974 na 1978.

Hata hivyo, ubingwa wa dunia ulimponyoka. Mwaka 1972 mashindano yalifanyika nchini kwake, lakini aliyeshinda ni Maldwyn Evans wa Wales. Mwaka 1976 pia alishinda mtu mwingine. Bryant aliendelea na mazoezi, akaurudisha ubingwa mwaka 1980. Mwaka 1984 ukamponyoka tena.

Je, wewe ungefanya nini? Wengi wangesema, "Sasa nimezeeka, nipumzike." Yeye hakusema hivyo. Mwaka 1988, huko Auckland, New Zealand, alikuwa bingwa wa dunia kwa mara ya tatu. Alikuwa na umri wa miaka 56. Tangu ubingwa wa kwanza ilikuwa imepita miaka 22!

Bryant alifariki mwaka 2020. Ndugu msomaji, ukisikia mtu akisema kuwa umri wake wa kujifunza umekwisha, msomee habari hii. Mvumilivu hula mbivu.