Matete Kwanza, Ng'ombe Baadaye

Mwaka 2006 Rwanda ilianzisha mpango wa Girinka: kaya maskini ipewe ng'ombe wa maziwa, na ndama jike wa kwanza aende kwa jirani. Hapa Tanzania tunaujua utaratibu huo kama kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Wazo zuri, ila maziwa hutegemea zaidi yaliyofanyika kabla mtamba hajashushwa kwenye lori.

Ng'ombe chotara wa kilo 400 hula takriban kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kwa siku. Akikamuliwa, hunywa lita 60 za maji au zaidi. Hizo ni ndoo tatu kubwa, kila siku ya Mungu, na tunajua nani huzibeba. Mradi usiomuuliza mama mwenye nyumba kisima kiko wapi umeanza kwa hesabu mbovu.

Kwa hiyo matete yapandwe miezi mitatu au minne mapema, kwenye mipaka ya shamba na kingo za makinga maji, na yakatwe yakifika kimo cha mita moja hivi. Yakikomaa sana hubaki mashina; tumbo hujaa, kiwele kinanywea. Yachanganywe na majani ya lusina au desmodiamu ili kuongeza protini. Kupe nao wasisubiriwe: ndigana kali huweza kumuua ng'ombe wa kisasa ndani ya wiki chache, na chanjo yake ipo.

Jambo linalowaponyoka wengi ni joto. Huja kila baada ya siku 21 hivi na kwa kawaida halimalizi hata siku nzima. Vitabu husema mwangalie anayesimama kupandwa na wenzake, lakini ng'ombe wa maskini yuko peke yake bandani! Basi tazama ute mwangavu unaoning'inia nyuma, kulialia ovyo, na maziwa kupungua ghafla. Ukiona asubuhi, mwite mhimilishaji jioni hiyohiyo. Ukichelewa, utamlisha wiki tatu nyingine bila mimba.

Viongozi wa vikundi, kagueni matete na maji kabla ya kuandika majina. Kaya ambayo bado haina vyote viwili ianze na mbuzi wa maziwa, maana chakula na maji yake ni kidogo sana kuliko vya ng'ombe.